Kipande cha Mama Chapchap

Siku ya kuchimba kwa Mama Chapchap iliahirishwa mara tatu, na mara zote aliyeiahirisha ni yeye mwenyewe. Mara ya kwanza alisema maharage yake yametoa maua, yasije yakakanyagwa. Mara ya pili alisema ana mgeni, na mgeni huyo hakuna aliyemwona. Mara ya tatu hata uongo ulimwishia, akasema tu, "Anzeni kwa jirani. Mimi nipo, nakwenda wapi?" Watu wakaanza kwa jirani. Moyoni mwake alijua kwamba anakwenda, tena karibuni.

Wanakijiji walikuwa wanachimba mtaro. Mvua za siku hizi hazina adabu: zinachelewa mpaka watu wanakata tamaa, halafu zinashuka zote kwa mkupuo, zinakomba udongo mweusi wa juu na kuupeleka mtoni. Kila mtu alikuwa amejaribu kujikinga kivyake, akaishia kumsukumia jirani maji na kununa naye. Mwishowe kaya zote za kilima kile zikakubaliana kuchimba mtaro mmoja wa kukatisha mashamba yote, toka upande huu wa kilima hadi ule, na kupanda nyasi na miti kwenye ukingo wake. Kila Jumamosi majembe yote yanakwenda kwenye shamba moja. Kila mtu anapewa kipande chake, kati ya kigingi na kigingi, na haondoki mpaka akimalize.

Tena kulikuwa na sheria ya ajabu: mwenye shamba hashiki jembe siku yake. Anaketi. Sheria hii waliletewa na Dereva Mstaafu. Mtaro ulipofika kwake naye alishika jembe pamoja na wenzake, akiongoza mbele, na kila ulipokaribia migomba yake aliupinda kidogo, anasema, "Hapa pana jiwe." Jiwe hakuna, ni migomba tu. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yalifika kwenye ile kona yake, yakashindwa kukata, yakaingia jikoni kwake na kuondoka na sufuria. Tangu hapo mwenye shamba hukalishwa kwenye kigoda, anapewa chai, anaambiwa anyamaze.

Jina la Chapchap, Mama alipewa na watu waliochoka kumfuata. Wenzake wakiwa bado wanatafuta kivuli cha kuwekea vibuyu vya maji, yeye ameshamaliza kipande chake, ameingia cha jirani, na mdomo haujanyamaza. Mumewe alipofariki, watu walidhani shamba litamshinda. Alilima peke yake, akasomesha, akaezeka, wala hakumwomba mtu hata jembe. Alijivunia hilo kuliko anavyokubali.

Lakini tangu mavuno yaliyopita nyonga ya kulia ilikuwa imemgeuka. Akiinama inaguna, akiinuka inachoma mpaka kwenye goti. Hakumwambia mtu. Jumamosi alifika shambani kabla ya wote, ili asionekane anavyopanda kilima, na aliondoka wa mwisho, akisingizia anatafuta kitu alichoangusha. Alijifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekusudia kazi, kumbe anaibana nyonga isiyumbe. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni, ingawa tai hakuwahi kuwa nayo.

Kitu kimoja kilimfariji: kila Jumamosi alikimaliza kipande chake, sambamba na wenzake. Alikuwa akirudi nyumbani anajitupa kitandani bila kuweza kugeuka, lakini anajiambia, bado nimo. Hofu yake ilikuwa ile Jumamosi itakayokuja, atakaposhindwa katikati na watu wote wanaona. Mtu asiyeweza kuchimba kwa wenzake, atakuwa na uso gani wa kukaa kwenye kigoda achimbiwe? Ndiyo maana aliiahirisha siku yake. Na ndiyo maana, mwanawe alipopiga simu na habari ya mnunuzi, hakukata simu.

Mwanawe huyo, kifungua mimba, alikuwa fundi wa magari mjini, kijana mwenye roho nzuri na haraka ya mama yake. "Mama, umefanya kazi ya kutosha," alimwambia. "Chumba nimeshakipaka rangi. Njoo upumzike." Mnunuzi alikuwa anakusanya mashamba ya kilima apande zao moja toka bondeni hadi kileleni. Upande wa pili wa kilima alishapata mawili, na trekta lake lilikuwa limelima kwa kushuka moja kwa moja, kama anayewatengenezea maji njia. Mtaro, hataki hata kuusikia. Shamba la Mama Chapchap lilikuwa katikati kabisa. Akiuza, mtaro umekatika. Akibaki, ataaibika. Akakubali mnunuzi aje Jumapili kuona mipaka.

Kabla Jumapili haijafika, ikanyesha mvua isiyo na msimu. Mtaro ulikuwa umefika kwenye mpaka wake kwa pande zote mbili, ukasimama, na midomo yake yote miwili ikatapika kwake. Asubuhi alikuta maharage yamelala kifudifudi na korongo limefumuka katikati ya shamba, mbuzi angeweza kusimama ndani asionekane. Alisimama pale na khanga yake kiunoni, akaona aibu kuliko hasara.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye duka la mbegu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alifika akiwa hata hajafungua duka.

"Dada, tutachimba kwako Jumamosi," alisema. "Sikuombi."

"Nauza."

Mwenyekiti alishusha sauti, na kwake kushusha sauti ni jambo la kutangazwa. "Unauza kwa nini? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mwanangu ameona nipumzike. Mtu anazeeka."

"Haya. Shamba ni lako, kuuza ni haki yako. Lakini tuache tuchimbe kwanza. Ukiliuza, uliuze likiwa na udongo."

Mama Chapchap alilitazama korongo. Alisema sawa, akaingia ndani, akalia mbele ya jiko.

Jumamosi walikuja wote. Walimweka kigodani juu kidogo ya shamba, wakampa kikombe cha chai, na Dereva Mstaafu akampungia kidole: "Unyamaze! Mimi nilisema neno moja tu, nikapoteza sufuria." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anapima vipande. Ni fundi cherehani, na kwa kuwa kupima ndiyo kazi yake, kikundi kilimkabidhi ufito na vigingi. Kila Jumamosi alimpanga Mama Chapchap kati yake na Mwenyekiti. Mama alidhani ni heshima ya ukubwa wake.

Hakuwahi kuketi akaitazama kazi ile. Aliona migongo ikiinama na kuinuka, vumbi, watoto wakipitisha maji, na shamba lake likifunguka taratibu. Alitamani aingie. Watu walipopumzika kunywa maji, aliona nafasi, akashuka polepole hadi kwenye mstari, kwa kisingizio cha kuangalia kina. Akaanza kutembea kutoka kigingi hadi kigingi, kama alivyozoea kutembea ndani ya kipande chake kabla hajaanza kuchimba. Nyonga yake inakijua kile kipande, inajua pale inapoanza kuchoma na kigingi kinapotokea. Leo ilianza kuchoma, ikaendelea kuchoma, na kigingi hakitokei. Akaujaribu upande wa pili. Vilevile. Akasimama.

"Shemeji," aliita.

"Naam, bosi wa leo."

"Vipande vya leo mbona virefu?"

"Virefu? Ni vilevile vya siku zote."

"Vya siku zote vya nani?"

Fundi cherehani alitazama ufito wake kana kwamba ndio uliomchongea.

"Tangu lini unanipunguzia?" Mama Chapchap aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Tangu tulipochimba kwa Dereva. Uliinama kuchukua maji ukashika goti, ukajifanya unafunga khanga."

"Kinachobaki anachimba nani?"

"Mimi kushoto, Mwenyekiti kulia. Tunagawana."

"Na hawa wengine wanajua?"

"Shemeji, watu wana macho."

Damu ilimpanda usoni. "Mmenifanya kioja! Kila Jumamosi najipiga kifua hapa, najiona bado nimo, kumbe kilima kizima kinanionea huruma!"

"Nani kakuonea huruma?" Fundi naye alipandisha. "Nguo ikimbana mteja wangu siendi kumtangaza sokoni. Naachia mshono, namrudishia, anavaa, anapendeza. Basi. Ndiyo kazi yangu."

"Mimi si nguo!"

"Wewe ni mkaidi, hiyo ndiyo tabu. Haya niambie, tulipochimba kisima, jua likanilaza chini, mikono hii iliyozoea sindano ikachubuka yote. Nani alimaliza kipande changu?"

"Ah, ile. Nilikuwa nakutania tu."

"Ulinitania mpaka maji yakatoka. Kila siku unamaliza chako unaingia changu, unanisema, unanicheka, na jembe linakwenda. Na Mwenyekiti je, na ile mimba yake ya mapacha? Ulimtania naye. Umetania nusu ya kilima hiki, shemeji. Leo tukutanie sisi kidogo, umevimba."

Mama Chapchap aliwatazama wenzake waliokuwa wakinywa maji, mmoja mmoja. Hakuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa kusaidia. Kwake ilikuwa ni mwili wenye nguvu za ziada na kuchukia kukaa bure. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Alijisikia amependwa, na alikuwa hajajisikia hivyo tangu mumewe afariki, hata hakujua aweke wapi mikono yake.

Watu walirudi kwenye vipande vyao. Waliona machozi, wakainama haraka kuliko kawaida, majembe yakaanza.

Simu ikaita. Ilikuwa ni mwanawe.

"Mama, yule bwana atakuja kesho asubuhi. Nimwambie apitie barabara ipi?"

"Mwambie asije."

"Mama! Si tulishaongea?"

"Tuliongea, lakini sikukwambia. Nyonga yangu imekufa, mwanangu." Alisema kwa sauti, walio karibu wakasikia, naye akawaacha wasikie. "Siwezi kulima, siwezi kuchimba. Tangu mavuno."

Sauti ya upande wa pili ikabadilika. "Na hukuniambia? Sasa si ndiyo bora uje? Utabaki huko na nani? Nani atakulimia?"

Mama Chapchap akaiondoa simu sikioni, akaunyoosha mkono wake kuelekea mtaroni, akaishikilia hivyo. Majembe yalikuwa yanapiga kwa pamoja na kwa kupishana, mtu anakohoa, mwingine anamwambia jirani yake ameacha tumbo la udongo katikati, Mwenyekiti anafoka kwa wote. Aliishikilia mpaka mkono ukachoka, ndipo akairudisha sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Alikuwa analia, kijana mzima, ndani ya gari la mteja. "Wengi hivyo?"

"Wote. Kesho njoo wewe, huyo bwana muache. Nyonga tukaipeleke hospitali, halafu unirudishe."

Alikata simu, akaiweka kifuani. Shemeji yake alikuwa anachimba ameinamisha kichwa, anajifanya hakusikia neno. Birika la chai lilikuwa karibu na kigoda, bado lina moto. Mama Chapchap akalifungua lile fundo la khanga kiunoni, akapanda kulichukua birika, akaanza kuteremka akichechemea waziwazi, huku Dereva Mstaafu akimpigia kelele arudi akae, na yeye akimjibu kwamba anyamaze mwenyewe, alete kikombe amiminiwe chai.