Migomba ya Kuazima

Upepo wenye mvua ya mawe ulipopiga Nyabiyonza, Kokushubira hakukaa kulia. Mjane yule alishika panga, akaikatakata migomba yote iliyoanguka, akaifanya matandazo, kisha akapanda machipukizi mapya. Kibanja chake, shamba lile la migomba, kikawa safi kuliko ua wa kanisa.

Ndipo likaja tangazo: serikali ingewapa wakulima kifuta machozi, ila mtaalamu wa tathmini lazima aione migomba iliyolala kwa macho yake. Mgomba usioonekana haukuanguka.

"Yaani nimejiponza kwa kufanya kazi?" Kokushubira alimuuliza Protase, shemeji yake waliyepakana naye vibanja.

Protase alikuwa mzito wa panga. Kwake migomba ilikuwa ingali imelala vile vile ilivyoangushwa. "Chukua yangu, shemeji," alisema kwa moyo mweupe. "Akishaiona kwako, utairudisha."

Habari zikasambaa. Kumbe kitongoji kizima kilikuwa kimeshasafisha! Siku ya ukaguzi, migomba ya Protase ilibebwa mabegani kama jeneza la mtu mkubwa, kutoka kwa Kokushubira hadi kwa Benadeta, kisha kwa mwalimu Cleophace. Wabebaji walipita njia ya nyuma huku mtaalamu, kijana mpole aitwaye Anastazi, akikawizwa barazani kwa chai na salamu ndefu.

"Ajabu upepo huu," Anastazi alisema akipiga picha. "Kila nyumba umeangusha kiasi kile kile."

"Mungu hana upendeleo, mwanangu," Benadeta alijibu.

Kwa mwalimu Cleophace wabebaji wakaishiwa nguvu kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Anastazi akawahi kufika kwa Protase, akamkuta amesimama katikati ya kibanja kisicho na mgomba hata mmoja chini.

"Shikamoo mzee. Mbona kwako upepo haukuangusha kitu?"

Protase alimtazama Kokushubira, aliyekuwa akihema nyuma ya mti wa kahawa. Angesema kweli, angeuza kitongoji kizima.

"Nilijitahidi," akasema.

Anastazi akavua kofia.

Msaada ulipofika, kila mmoja alipata isipokuwa Protase. Yeye alipewa cheti cha mkulima hodari, akateuliwa kwenda Kihanga kufundisha wenzake namna ya kukinga migomba na upepo.

Kokushubira aliona aibu. Akampelekea nusu ya fungu lake. Protase aliipokea, lakini uso ulikuwa umemsawijika.

"Nitawaambia nini watu wa Kihanga, shemeji?"

"Twende wote. Utapata la kusema."

Ukumbini Protase alisimama mbele. Wakulima walifungua madaftari. Alikohoa, akamtafuta Kokushubira kwa macho, akajikaza.

"Siri ni moja tu," alisema. "Uwe na majirani."

Wakaandika wote. Kisha mama mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Hao majirani, tuwaweke kwa nafasi ya futi ngapi?"

Kokushubira akatoka nje mbio, akaketi kwenye nyasi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.