Picha ya Kichwa cha Mbishi

Mume wangu ni mbishi. Simsengenyi, na ukimwambia mwenyewe kwamba ni mbishi atakubishia. Mtaani wanamwita Rufaa, kwa sababu hakuna hukumu asiyoikatia rufaa: bei ya nyanya, saa ya ukutani, utabiri wa mvua, mchezaji wa timu yake aliyeotea waziwazi. Kazi yake ni fundi bomba, na hata huko hana haya. Atabishana na mwenye nyumba juu ya choo cha mwenye nyumba mwenyewe. Mimi niliyeolewa naye nimebishana maisha yangu yote ya ndoa, na ulimi wangu umenoleka vizuri, asante.

Basi asubuhi moja nikamwambia chai yake imepoa. Akasema, "Sawa."

Chai ilikuwa inafuka moshi. Nikadhani ananitega, nikakaa chonjo siku nzima kungoja alipue bomu lake, hakulipua. Wiki zikapita, kila neno ni sawa. Mdogo wake, huyo shemeji yangu mwenye mkono mwepesi, akaja kuazima ile spana kubwa ambayo Rufaa hamwazimi mtu hata kwa mtutu wa bunduki. Akaambiwa, "Chukua." Jirani akachukua ngazi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona basi nafasi ndiyo hii. Miaka yote nimetaka sebule yangu iwe ya rangi ya waridi, na miaka yote ameapa kwamba hataishi ndani ya keki. Nikamuuliza. "Sawa," akasema, uso kaugeuzia ukutani. Nikapaka kuta zote. Halafu nikasimama katikati ya sebule yangu ya waridi, brashi mkononi, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitali wakasema ni sonona. Wakampa dawa ya kwanza, ikamfanya alale kutwa kucha, na akiamka anakubali mambo mengi kuliko jana. Nilikuwa mjane mwenye mume. Niliwaambia dawa haimfai, na baada ya kungoja sana wakaona nasema kweli, wakatupeleka kwa daktari mmoja kijana, mwenye miwani, aliyekuwa anafanya utafiti.

Kijana ana adabu zake, siwezi kumsema vibaya. Alikaa nasi akaeleza taratibu. "Mama, dawa za sonona ni nyingi, na inayomfaa huyu si lazima imfae yule. Kawaida tunajaribu moja, tunangoja wiki kadhaa, ikigoma tunajaribu nyingine. Wengine wanakata tamaa kabla hatujaifikia ya kwao. Sasa tunataka tuone kama picha ya ubongo inaweza kutuambia mapema." Mgonjwa, alisema, analazwa ndani ya mashine na kuonyeshwa nyuso za watu, wengine wanacheka, wengine wana huzuni. Mashine inapiga picha sehemu za ubongo zinazochangamka, kisha kompyuta inazilinganisha na picha za wagonjwa waliotibiwa kabla yake.

Nikamuuliza kama kompyuta inafahamu kwamba kichwa chenyewe ni cha mbishi. Akatabasamu akatazama karatasi zake.

Nilimwangalia Rufaa kupitia kioo. Mashine ile ina kelele, utadhani kuna watu wanavunja ukuta wapitishe bomba. Rufaa ninayemjua mimi angetoka mle ndani mguu mosi mguu pili akawaambie mafundi kwamba mfumo wao umeingia hewa. Huyu alilala tu. Walipomtoa, mpiga picha akamsifu, eti hajapata mgonjwa mtulivu kiasi kile, picha zimetoka safi kabisa. Nilitamani nimzabe kofi. Alikuwa ananisifia msiba wangu.

Majibu yakaja. Kompyuta ilichagua vidonge fulani vyeupe, vidogo, ikasema uwezekano wa kumfaa ni mkubwa. Daktari alifurahi mpaka akasahau kukaa. Lakini akatuonya pia: "Huu ni utabiri tu, mama. Mkirudi nitampima kwa maswali. Nisipoona nafuu, utaratibu wa utafiti unataka nimwachishe, tujaribu nyingine."

Tukarudi nyumbani na vidonge. Mwanzoni, wapi. Sawa za asubuhi, sawa za jioni. Nilishaanza kuitukana ile mashine moyoni, na mpiga picha wake pia. Halafu siku moja niko chumbani nakunja nguo, nikasikia sauti kutoka sebuleni.

"Nani kapaka huu uchafu?"

Nilikaa kitandani nikajiziba mdomo kwa mto. Nilipoweza kusimama nikakunja uso, nikatoka. "Nimepaka mimi, na wewe ulikubali."

"Mimi nikubali rangi hii? Labda nilikuwa nimekufa."

Akanifuata jikoni na hoja yake, akanifuata uani, akanifuata mpaka mlango wa bafu, na mimi namjibu kwa kiburi chote nilichonacho, raha imenijaa mpaka kooni. Siku zilizofuata mambo yakanoga. Alikwenda kwa mdogo wake akarudi na spana na ugomvi. Akarudi kazini. Akaanza kula, na kila anachokula anakitia kasoro. Nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo huku nikimwambia kama chakula hakifai aache sahani hapo.

Ilipofika siku ya kurudi kwa daktari nilivaa gauni langu zuri. Nilijua tunakwenda kupongezwa. Kumbe nilimsahau mtu niliyenaye.

"Unalala vizuri, mzee?" daktari akamuuliza.

"Kwenye nyumba ya rangi ile? Nani atalala?"

"Na hamu ya kula?"

"Inategemea kimepikwa nini. Muulize huyo."

"Kazi unaifurahia?"

"Kazi inafurahiwa? Wewe unaifurahia hii yako?"

"Ukilinganisha na ulipokuja mara ya kwanza, unaona nafuu?"

"Nafuu gani?"

Daktari alijumlisha alama zake, akajumlisha tena. Nikaona mabega yake yanashuka. "Samahani, mama," akasema. "Alama ni karibu zilezile za mwanzo. Inaonekana utabiri ulikosea. Itabidi tumwachishe hii polepole, tuangalie nyingine."

Nikaikumbuka ile dawa ya kwanza. Nikajiona tena kwenye ile sebule, mimi na mtu anayekubali, tunangoja wiki kadhaa, na wiki kadhaa nyingine, na nani aliniahidi kwamba safari hii angerudi? Nilitaka kupiga kelele kwamba mume wangu amepona, huyu hapa, msikilizeni. Lakini namfahamu. Nikisema amepona, ataapa kwamba yuko mahututi, na daktari ataandika mahututi. Kwa Rufaa mlango huwa umefungwa, unaingilia dirishani.

Nikashusha pumzi. "Hata mimi naona hivyohivyo, daktari. Dawa imeshindwa kabisa. Mbadilishie leo leo. Na hiyo mashine yenu mkaiuze vyuma chakavu."

Rufaa akanigeukia mzimamzima. "Imeshindwa? Udaktari ulisomea lini?"

"Kwani hilo linataka kusomewa? Huli."

"Sili? Jana sufuria aliimaliza nani, paka?"

"Hulali."

"Kila siku unanipiga kiwiko eti nakoroma. Mtu asiyelala anakoroma vipi? Daktari, hebu mwelimishe."

"Na kazi imekushinda," nikamalizia, kwa masikitiko makubwa.

"Nimefumua bomba za shule nzima, mwanamke. Mwalimu mkuu alitaka kuniletea mabomba ya bei rahisi, nikamwambia mimi siweki takataka ukutani halafu watoto waje wanilaani. Saa nzima tumebishana. Nimetoka pale najisikia mtu." Akamgeukia daktari. "Usimsikilize huyu. Vidonge vyako havina ubaya. Nani amesema vina ubaya?"

Daktari hakuwa mjinga. Alikuwa ameshachukua karatasi mpya, anarudia maswali toka la kwanza bila kuuliza, anaandika haraka huku akiuma mdomo wa chini asicheke. Nilimkonyeza. Kazi ilikuwa imekwisha, na ningekuwa na akili ningenyamaza hapo.

Sikunyamaza. Nilikuwa nimenogewa, na chini ya kunogewa kulikuwa na kitu kingine ambacho sikujua kwamba bado kipo. Kilitoka chenyewe.

"Hata kama unakula na unalala," nikasema, "mimi imenisaidia nini? Miezi yote ile ulikuwa hunioni. Napita mbele yako kama kabati. Ningeanguka nikafa mle ndani usingejua."

Hiyo haikuwa njama, na sauti yangu ilinisaliti. Daktari akaacha kuandika.

"Si kweli," Rufaa akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, na Rufaa hana desturi ya kubisha kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unakwenda jikoni, unafungulia bomba, unalia. Ulidhani maji yatakuficha. Mimi ni fundi bomba. Mtu akiosha vyombo maji yanakatika, yanagonga sahani, yanagonga mkono. Yako yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye sinki, hayagusi kitu. Nilikuwa nalala pale nakusikia. Kila siku nilitaka niinuke nije. Niliwaza mguu huu, halafu huu, halafu mlango. Sikuweza. Kwa hiyo usiseme sikujua. Sema kingine chochote, hilo nakataa."

Daktari akawa anatazama meza yake kwa bidii.

"Haya, nibishie," Rufaa akasema.

Nililia palepale kwenye kiti cha wageni, na gauni langu zuri, mbele ya mtoto wa watu, bila bomba. Rufaa akasukuma kiti chake nyuma, akainuka, akaja.