Koki ya Mbele

Siku ya pili tangu waondoke bandarini, fundi wa meli alisikia pampu ya maji ya kunywa ikinguruma wakati hakuna aliyefungua maji. Wenzake walimwita Nati, kwa sababu mifuko ya suruali yake haikukosa nati hata siku ya harusi yake. Pampu ile aliiweka kwa mikono yake na aliijua vizuri. Presha ikishuka kwenye bomba, inawaka, ikipanda, inazima. Ikiwaka yenyewe, maji yanatoka mahali.

Alianza na mpishi.

"Koki yako umeifunga?"

"Nimeifunga. Au unataka niipige na kufuli?"

Nahodha, ambaye alikuwa kaka wa mke wa Nati, alicheka. "Muulize vizuri, shemeji. Huyu huenda anaogea kwenye sufuria zetu."

Nati hakucheka. Tangi lilikuwa limeshuka kuliko kawaida, na safari ilibaki siku nne. Alikagua choo, bafu na sinki. Akakaza vibano vya mipira ya maji, akapapasa kila kiungo kwa kiganja kikavu. Hakuna hata tone.

Kesho yake asubuhi alifunga koki iliyo mdomoni mwa pampu, akakaa juu ya ndoo nusu saa, akitega sikio. Kimya. Kumbe pampu yenyewe ilikuwa nzima. Mbele yake bomba liligawanyika mara mbili: tawi moja lilikwenda jikoni na vyumbani, jingine lilikwenda mbele, kwenye stoo ya kamba za akiba, ambako kulikuwa na koki ya zamani ya kuoshea matope. Akafunga tawi la nyuma, la jikoni, akasubiri, pampu ikawaka. Akafunga la mbele, pampu ikanyamaza.

"Nimeupata ugonjwa," alimwambia nahodha. "Uko stoo ya mbele. Niifungue niangalie."

Nahodha aliitazama sitaha. Mfuniko wa stoo ulikuwa chini ya mifuko mia tatu ya saruji, juu yake turubai, juu ya turubai kamba.

"Watu watano tuhamishe saruji na mawimbi haya? Maji si umeyazuia?"

"Nimeyazuia."

"Basi tutafungua tukifika."

Yalikuwa maneno ya akili, na Nati aliyakubali. Jambo moja tu lilimkera. Bomba lililopasuka huvuja saa zote, lakini pampu hii ilikuwa inawaka mara tatu mfululizo, kisha inatulia masaa. Alilitafakari hilo wakati wa chakula cha mchana, kisha injini ikaanza kukohoa, akalisahau.

Jioni mpishi alisema kuna kitu kinagonga huko mbele.

"Hewa hiyo," Nati alimjibu. "Ukifunga maji, bomba linagonga. Litachoka lenyewe."

Siku ya nne liligonga kidogo. Siku ya tano halikugonga.

Walipofika, wapakuzi walimaliza saruji kabla ya adhuhuri. Nati akachukua tochi na spana, akainua mfuniko. Harufu ilimpiga usoni, akadhani panya kafia humo. Kisha tochi ikaangukia mguu wa mtu.

Mwanamume alikuwa amelala juu ya kamba, uso umefunikwa leso. Pembeni yake mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepasuka, kinywa kimebandikwa kwenye koki. Macho yake yalisogea kufuata mwanga.

Walimtoa. Mpishi alimnywesha maji kijiko kwa kijiko, mpaka gari la hospitali lilipokuja.

Nahodha alimvuta Nati kando. "Wakikuuliza, bomba lilikuwa bovu, maji yakakatika. Nani atajua?"

"Mimi najua, shemeji."

"Una watoto. Na dada yangu amekukosea nini?"

Nati aliokota spana yake, akaondoka. Kesho yake mchana alikwenda hospitali. Mwanamke alikuwa ametundikiwa dripu, sauti yake imekwaruzika.

"Yule ni kaka yangu, tumbo moja," alisema. "Mpakiaji mmoja ndiye aliyetuficha. Tulikuwa tunakunywa kidogo, tunafunga, tusisikike. Kisha maji yakakatika. Yakabaki matone. Nikawa nalowesha leso, namminyia yeye, maana alikuwa na homa. Aligonga sana. Hamkusikia?"

"Nilisikia."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani ni bomba."

Alimtazama. "Nani alifunga?"

"Mimi, dada."

Mwanamke aligeukia ukutani. "Toka."

Alitoka, akaenda moja kwa moja polisi kuandikisha maelezo, hakupunguza neno. Nahodha hakumsemesha tena. Mke wa Nati, alipopigiwa simu, alilia, kisha akauliza kama yule mama amepata nguo.

Marehemu alizikwa siku ya tatu tangu wafike. Nati alisimama nje ya geti la makaburi, hakuthubutu kuingia. Ndani walikuwapo mwanamke, akishikiliwa na muuguzi, mchimba kaburi na msaidizi wake, na mpishi. Baada ya muda mpishi alikuja getini.

"Wabebaji hawatoshi," alisema. "Yule dada amesema uje."

Nati alivua kofia, akaenda kushika pembe ya nyuma. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia. Mwanamke hakumtazama walipopita, wala hakumtazama walipolishusha.