Dozi Sita Nyumbani kwa Deborah

Mapalo alikuwa mkulima wa Lukafu, na kwa miaka minne hakuwa amesemeshana na wifi yake Deborah, mjane wa kaka yake. Siku ya mazishi ya kaka huyo alimwambia mbele ya watu kwamba hakumuuguza mumewe inavyopasa. Deborah alirudi kwake Hewa Bora, mjini Lubumbashi, na kimya kikaanzia hapo.

Kisha Mapalo akapata saratani ya titi. Madaktari walipoikuta imeshafika kwenye ini, walisema atapewa dawa ya mshipani, ile ya kemo, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Alikuwa bado anawaza amwombe nani mahali pa kulala mjini, Deborah akapiga simu. Alikuwa amesikia habari kanisani. Alisema chumba kipo, ila aje na mto wake, maana yeye anao mmoja tu.

Dozi ya kwanza ilimlaza siku nne. Harufu ya samaki wakavu ilimtapisha, basi Deborah akahamishia jiko kwa jirani. Mdomo ulijaa ladha ya chuma. Alichoweza kumeza ni uji wa baridi wenye ndimu. Kufikia dozi ya nne vidole vilikuwa vimekufa ganzi, asiweze kufunga blauzi. Deborah akawa anamfunga vifungo, kimoja kimoja, huku akimsimulia habari za soko.

Asubuhi moja Mapalo akamshika mkono, akamwita yaya, kama dada yake mkubwa.

"Yaya, kwenye kilio nilikusemaka mubaya. Sasa ndio naona vile uliuguzaka kaka yangu."

Deborah akamaliza kifungo cha mwisho.

"Ile siku ulikuwa unalilia kaka yako," akasema. "Na miye nilikuwa nalilia bwana yangu. Simama, tutachelewa."

Baada ya dozi ya sita daktari aliwaonyesha picha za ini. Madoa yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu. Hakuwaficha kwamba ugonjwa hautaondoka kabisa, na kwamba dawa zitaendelea, safari hii za vidonge. Lakini Mapalo angeweza kurudi shambani, mradi asibebe kitu kizito.

Mvua za kwanza zilimkuta Lukafu, amekaa kwenye kiti, akiwaelekeza wanawe wapande wapi mahindi. Hakujua amebakiziwa misimu mingapi. Huu alikuwa nao, akamshukuru Mungu kwa huu, kisha akampigia Deborah kumwuliza atakuja lini kuchuma matembele.