Mwanamke Aliyekaa

Karatasi za michoro zilitandazwa kitandani kwa sababu meza ilikuwa imejaa viatu vya watu. Baba, fundi viatu, alikuwa anagonga soli upande wa dirishani. Binti yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifuta kwa raba kile alichokuwa amechora asubuhi nzima. Nyumbani walimwita Penseli. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchafua kuta. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea ubunifu wa michoro, na mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kweli kabisa: nembo ya bustani ya sanamu iliyokaribia kufunguliwa. Nembo itakayopita ingewekwa langoni.

"Umefika wapi?" Baba aliuliza, misumari ikiwa mdomoni.

"Sijafika popote. Lazima niende nikaione bustani yenyewe."

Baba aligonga soli. "Nenda," alisema. "Mimi sina la kufanya kule."

Bustani ilikuwa pale ulipokuwa mtaa wao. Siku tingatinga lilipokuja, kila mtu alibeba alichoweza, lakini shangazi, aliyemlea Penseli tangu mama yake afariki, alikaa kwenye kizingiti cha mlango akasema haendi popote. Baba alimbembeleza dada yake mpaka sauti ikamkauka, kisha hasira zikampanda. "Baki basi!" alimwambia, akasukuma mkokoteni wake akaondoka. Tingatinga lilipofika pale, shangazi alikuwa ameshageuka jiwe, kuanzia kisigino hadi kilemba. Dereva alizima injini, akashuka, akamgusa bega, kisha akampigia simu msimamizi wake kuuliza kama na jiwe hilo limo kwenye mpango. Nyumba ikabomolewa kwa kumzunguka. Majirani waliokuwa wakitazama walirudi kufunga mizigo yao, maana lori lilikuwa haliwangoji.

Penseli alimkuta katikati ya nyasi mpya, kati ya samaki wa chuma na duara la saruji. Alikaa chini akaanza kuchora. Jua lilipopanda na jiwe kupata joto, shangazi alizungumza.

"Umekonda."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako anakula?"

"Anakula."

"Mwongo wewe. Hawa wameniandika nini hapo chini? Siwezi kuinama."

Penseli akasoma kibao. "Mwanamke Aliyekaa. Mchongaji hajulikani."

Shangazi alinyamaza muda mrefu, kama linavyonyamaza jiwe lolote.

"Mchongaji wa nini?" akasema hatimaye. "Waambie nilikaa mwenyewe."

Wingu likafunika jua, jiwe likapoa, na hakusema tena siku hiyo.

Nembo aliyoichora Penseli ilikuwa ya mwanamke aliyekaa kizingitini, na mlango ulio wazi nyuma yake. Mistari ilikuwa michache na minene, na mchoro ulieleweka hata ukipunguzwa kufikia ukubwa wa kifungo cha shati. Alipoipeleka ofisini kwa mkurugenzi wa bustani, mwalimu wake aliketi kando, uso umemchangamka kwa fahari.

"Nimeipenda," alisema mkurugenzi. "Ila huu mlango ni wa nini?"

"Ni wa nyumba yake. Huyu ni shangazi yangu. Aligeuka jiwe siku ya kubomolewa."

"Ndiyo, mkandarasi alitueleza," mkurugenzi alisema kwa upole, akimmiminia chai. "Poleni sana. Tulikabidhiwa yeye pamoja na kiwanja."

"Basi naomba kibao kibadilishwe. Ana jina lake. Na hakuchongwa na mtu."

"Hilo nitalipeleka kwenye kamati. Lakini mlango utoe."

Penseli akamgeukia mwalimu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema kile alichokuwa akiwafundisha tangu mwaka wa kwanza, kwamba nembo hubeba kitu kimoja tu. "Mlango unamlemea," alisema.

Penseli akautoa mlango. Aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kizingiti, akijipa moyo kwamba kamati ikiridhika haitasahau kibao. Bila kizingiti mwanamke alionekana kama ameketi hewani, kwa hiyo wakamwomba amkunje miguu kidogo. Akamkunja. Nembo ikapita. Ikawekwa langoni, kwenye vikombe, na kwenye fulana za walinzi. Kamati ilikutana, ikazungumzia vyoo na maegesho ya magari.

Siku ya ufunguzi Baba alivaa shati lake la misibani. Langoni alisimama, akaitazama nembo kwa muda.

"Ndiye," alisema. "Ila hajakaa juu ya kitu."

"Nilikiondoa, Baba."

Baba hakuuliza kwa nini, na hilo ndilo lililomuuma Penseli.

Shangazi alikuwa amezungukwa na watu wanaopiga picha. Wakangoja wapungue. Kisha Baba akasogea mbele yake, kofia mkononi.

"Dada," alisema. "Siku ile nilikuwa na hasira."

"Hasira unazo tangu utotoni," shangazi alisema. "Mnakaa wapi siku hizi?"

"Chumba kimoja. Dirisha linatazama ukuta."

"Hewa mnapata?"

"Kidogo."

Baba alinyoosha mkono amfute vumbi begani. Mlinzi akaja mbio mbio, akasema kwa adabu kwamba sanamu haziguswi, mzee wangu. Baba akaomba radhi, akautia mkono mfukoni. Kivuli cha samaki wa chuma kilikuwa kimeshafika magotini kwa shangazi, na sauti yake ilianza kuwa nzito.

"Sasa mbona mmesimama huko nje kama wageni?" alisema. "Karibuni ndani."

Nyuma yake palikuwa na nyasi, na kamba iliyozuia watu wasizikanyage.

"Asante, dada," Baba alijibu. "Tumeshakaribia."

Wakabaki wamesimama palepale, yeye na binti yake, mpaka jiwe likapoa na walinzi wakaanza kuwaelekeza watu langoni.