Kochi la Mama Pacha

Mimi nimezaliwa na mdomo. Kwenye duka la dobi ninakopiga pasi, wateja wakorofi huletwa kwangu makusudi, na bosi akitaka kunikata mshahara hunitumia ujumbe kwenye simu, kuja mwenyewe hathubutu. Kwa hiyo nikikuambia kuna siku nilinyamaza, ujue mambo yalikuwa mazito.

Nilikuwa natafuta ufadhili nisomee ukunga. Chuo kilishanikubali, ada ndiyo iliyonishinda. Nikasikia kuna mfuko unaosomesha akina mama wanaolea peke yao. Nikaomba, nikaitwa, nikahojiwa mpaka nikalitaja jina la baba wa binti yangu, jina ambalo sijalitamka tangu aingie mitini mimba ikiwa changa. Mwisho wakaniambia imebaki hatua moja tu: mtu wao atakuja nyumbani aione hali yangu kwa macho yake.

Hali yangu! Nilicheka njia nzima. Kama ni hali, ninayo ya kugawa. Chumba kimoja, kitanda kimoja tunachobanana mimi, mama yangu na binti yangu, na ndoo ya kukinga maji paa likivuja. Nikajua hapo nimepita.

"Mama," nikamwambia, "Alhamisi anakuja mtu kuangalia tunavyoishi, ndiyo wanipe nafasi ya chuo. Mimi nitawahi kurudi. Wewe usihangaike na kitu."

"Sawa, mwanangu," akasema, kwa upole uliopaswa kunishtua.

Alhamisi hiyo bosi akanibwagia mashuka ya hoteli nzima. Nilitoka nimechelewa, nikakimbia mpaka mbavu zikauma. Nafungua mlango, nikadhani nimekosea nyumba.

Kitanda hakipo. Mahali pake limekaa kochi la Mama Pacha, jirani yetu, lile la rangi ya maziwa ambalo pacha wake wenyewe hawaruhusiwi kulisogelea. Ukutani, televisheni ya fundi redio. Chini, zulia. Kwenye kona friji, jamani, friji, na waya wake umefichwa nyuma kwa sababu hata pa kuuchomeka hatuna! Binti yangu ameketi wima, amevaa viatu vya mtoto wa watu. Na pembeni yake mwanamke wa makamo, miguu imemvimba kwa kutembea, soda mkononi, jalada mapajani.

"Ndiye huyu binti yangu," mama akamwambia. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusi. "Nilikuwa namweleza mgeni kwamba hapa hatuna shida. Tunakula, tunavaa, mtoto anasoma. Asije mtu akadhani umeokotwa. Wewe una kwenu."

Alishamwonyesha hadi mlango wa pembeni, akasema huko ndiko vyumba vya kulala. Mlango ule unaenda kwa mwenye nyumba.

Nikamsindikiza yule mgeni nje.

"Dada yangu, nakuapia, vile vyote ni vya kuazima. Kochi la jirani, televisheni ya jirani, hata hiyo soda sijui ni ya nani."

Hakukasirika. Alivua kiatu, akakung'uta mchanga.

"Mdogo wangu, kila nyumba ninayoingia wananiambia vitu si vyao. Wengine wakweli, wengine waongo, nami siwezi kuwajua kwa sura. Mimi naandika alichosema mkubwa wa nyumba. Turudi ndani. Mama yako aniambie kwa kinywa chake kwamba aliazima, nami nafuta hapa hapa. Nafasi utaipata, nakuahidi."

Basi, ni hilo tu. Nikasogea mlangoni nimwite.

Mama hakuniona. Alikuwa amepiga magoti, anamfuta binti yangu soda kidevuni. "Umemwona mgeni wa bibi?" anamwambia. "Ameniita mama. Amekaa, amekunywa, ameniuliza mawazo yangu."

Nilipofukuzwa shule na tumbo langu, ndugu zake walimwambia amelea takataka. Kwenye shughuli za ukoo wakawa wanamweka jikoni, asionekane na wageni. Miaka yote hiyo hajanirushia neno hata moja, ila shingo yake ilianza kuinama na ikabaki hivyo. Leo ilikuwa imenyooka. Sasa nimwingize yule mwanamke ndani, nimwambie mama yangu ajivue nguo mbele ya mgeni? Mdomo wangu, mdomo huu huu, ukagoma.

Nikarudi. "Andika ulivyoona, dada."

"Una uhakika?"

"Nenda. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Akaenda anachechemea. Jioni majirani wakaja kuchukua vitu vyao kwa vigelegele. "Mkunga wetu!" Mama Pacha akapiga kelele, kochi likiwa limekwama mlangoni. "Mimi utanizalisha bure, sikia, nimekukopesha kochi!" Nikacheka nao. Nilishika upande mmoja wa kochi, nikalibeba mpaka kwake, uso nimeuficha nyuma ya egemeo lake.

Jibu lilinikuta kazini, kwenye simu: nafasi wamepewa wenye uhitaji zaidi. Nililisoma pasi ikiwa juu ya shati la mteja, shati likaungua. Bosi alinifokea mpaka akachoka. Sikumjibu. Akaniletea maji, akaniuliza kama kuna msiba.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba nimekosa. Sikusema zaidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda chetu, machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuharibia."

Moyo ukanilia paa. Nikajua amejua.

"Nilimwona kabisa yule mgeni, jicho lake linakwenda pale dirishani," akasema. "Vyote nilikumbuka, dirisha nikaliacha na kile kitambaa chetu kilichochanika. Nikasema moyoni, tayari, leo tumeumbuka." Akajifuta kwa kiganja, akanishika mkono, akaubana kwa nguvu. "Usilie, mwanangu. Mwakani utaomba tena. Tutaazima na mapazia."

"Sawa, mama," nikasema. "Tutaazima."