Siku Niliyomburuta Mama Kalunde

Niliota usiku wa jana, na kabla hujanisingizia chakula, nililala na uji mtupu tumboni.

Ndotoni ni asubuhi, jua limewaka, nami nimeketi mezani sebuleni kwetu Tabora. Mbele yangu hakuna kompyuta. Kuna dirisha tu, na nje ya dirisha ua wetu wote kama ulivyo: kuku, mafiga, kamba ya nguo, tenki la maji. Mkononi nimeshika mausi ya kompyuta, ile aliyoninunulia binti yangu Kalunde nilipostaafu. Waya wake umeingia ukutani bila tundu.

Mausi ikakohoa.

"Jina?"

"Mihayo. Afande Mihayo, mstaafu."

"Uzoefu wa kuelekeza?"

"Miaka thelathini na moja. Trafiki, njia panda ya sokoni. Nimeelekeza malori, baiskeli, misafara ya harusi, na mara moja ng'ombe mia mbili waliokuwa wanakwenda mnadani."

"Ajali?"

"Moja. Ng'ombe alimkanyaga karani."

"Inatosha," ikasema. "Anza."

Nikaisukuma kidogo. Uani ukatokea mshale mweupe, mrefu kama mlango, unaelea juu ya kuku. Nikisogeza mkono kulia, nao unakwenda kulia. Kuku hawakushangaa. Mmoja aliinamisha kichwa upite.

Nataka mshale ufike langoni. Nasukuma mausi kulia, nasukuma, meza inakwisha. Mwenye akili zake angefanyaje, sijui. Mimi nilipiga magoti, nikaishusha mausi sakafuni, nikatoka nayo mlangoni nikiisukuma, nikashika njia. Nikavuka reli. Nikapita mashamba ya tumbaku. Urambo watu walinipisha, wakasema pole, mzee. Karibu na Kaliua mausi ikaniuliza kwa upole:

"Afande, tunakwenda wapi?"

"Langoni kwangu."

"Ungeninyanyua tu, ukanirudisha katikati ya meza. Nikiwa hewani mshale unasimama palepale."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani una safari zako."

Nikainyanyua. Hapohapo niko mezani sebuleni, magoti yamejaa vumbi la Kaliua.

Tukaingia somo la kubofya. Kitufe cha kushoto kilikuwa chepesi, kila nikikigusa kinaitika, "Ndiyo, afande!" Nabofya tenki mara moja, linageuka bluu na kungoja amri. Nabofya mara mbili haraka, linafunguka, maji yanatoka tone moja moja, kila tone likipiga saluti. Nikamgeukia mbuzi wa jirani yetu Kitwana. Kwa bahati mbaya, kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili nilipiga chafya.

Mbuzi akaacha kutafuna.

"Ukibofya polepole namna hiyo," akasema, "maana yake unataka kunibadilisha jina. Nakusikiliza."

"Sikuwa na nia hiyo."

"Nimeshasimama, mzee. Andika."

Nikamwandika Hakimu. Akalirudia mara mbili kwa sauti ya chini, Hakimu, Hakimu, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiyesalimiwa ovyo.

Kisha mausi ikanifundisha kuburuta. Unakibonyeza kitu bila kuachia, unakisogeza, unakiachia pale unapotaka kikae. Hapo nilifurahi kupita kiasi. Tangu nistaafu sina magari ya kupanga, kwa hiyo napanga nyumba. Nikaburuta mafiga yakae mstari mmoja. Nikaburuta kamba ya nguo na nguo zake, sidiria ikaning'inia kwa heshima nyuma ya tenki. Nikaburuta na uzio wa Kitwana, hatua mbili tu, kuelekea kwake. Alikuwa amelala.

Lilibaki jiko la nje. Ni mabati manne juu ya miti, na ndani yake alikuwamo mke wangu, Mama Kalunde, ameketi kwenye kigoda anakoroga kisamvu cha karanga. Moshi ulikuwa unakuja sebuleni. Nikaona nilisogeze jiko hatua tatu. Nikabonyeza. Likanyanyuka na kila kilichomo.

"Baba Kalunde," akaita kutoka hewani, "mbona napaa?"

"Tulia, nakutoa kwenye upepo."

"Umeniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikaanza kutafuta jibu la kiume, na nilipokuwa nalitafuta, kidole kikateleza.

Kwenye kona ya kushoto ya ua lilikuwa limesimama pipa la taka, na mdomo wake ulikuwa wazi. Jiko, kigoda, chungu na mke wangu wa miaka thelathini na minane wakatumbukia humo, kwa sauti ya karatasi inayokunjwakunjwa.

Pipa likafuta mdomo.

"Nimepokea," likasema. "Gari la taka linakuja saa sita kamili kunimwaga. Likishanimwaga, hata fundi harudishi."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi. Nikaogopa. Hata mle ndotoni nilijua kwamba mambo mengine yote ni ya ndoto, ila hofu ile ni ya kweli.

Nikabofya pipa mara mbili, upesi, bila chafya. Likafunguka. Ndani kuna ua mwingine, mpana kuliko wetu, umefagiliwa vizuri. Mama Kalunde ameketi palepale kwenye kigoda chake, anakoroga. Wamemzunguka kina cherehani, redio ya mbao, mkeka wa ukindu, na kabati la vyombo lenye mguu mmoja mfupi; yaani vitu vyake vyote nilivyokuwa nimevitupa kimyakimya katika miezi minane ya kustaafu.

"Mama Kalunde, toka upesi! Gari linakuja!"

"Kumbe vitu vyangu viko huku," akasema, akaonja kisamvu. "Uliniambia vimeliwa na mchwa."

"Ni kweli mchwa walikuwa…"

"Mchwa wa wapi?" redio ikadakia. "Alinibeba mwenyewe begani, saa mbili asubuhi, mama ukiwa kwaya."

"Na mimi alinivuta mguu," kabati likasema. "Ule mfupi."

Sikuona faida ya kubishana na fanicha. Nikampelekea Mama Kalunde mshale, nikambofya. Akageuka bluu, kuanzia kilemba hadi ndala, lakini hakuinuka.

"Kwa kushoto?" akauliza. "Baba Kalunde, mimi unaniita kwa kushoto? Mkweo unaweza kumpa kikombe cha chai kwa kushoto?"

Vitu vyote vikaguna kwa pamoja. Cherehani ilitazama pembeni.

"Afande," mausi ikaninong'oneza, "kuna kitufe cha kulia."

"Kile? Nilijua ni cha akiba."

"Cha akiba!" ikatoka sauti nzito chini ya kidole changu cha kati. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyenyimwa kiti shereheni. "Miezi minane sijaguswa, nimekaa kama glasi za wageni kabatini. Mwenzangu wa kushoto kazi yake kuamrisha. Mimi namuuliza mtu anataka nini. Sasa nani anakaa na mke kwa kuamrisha?"

Nikavua kofia, ambayo sikuwa nimeivaa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, karibu. Una haja gani na huyu mama?"

Nikambonyeza kwa kulia. Pembeni ya mke wangu likateremka bango, kama yale ya hotelini yanayoonyesha kama leo kuna maharage au hakuna: Fungua. Nakili. Kata. Rudisha. Futa kabisa.

"Nakili ndiyo nini?" nikauliza.

"Utakuwa na Mama Kalunde wawili."

Nikawaza asubuhi ninayokaguliwa kola na wawili. Nikashukuru, nikakataa.

Ninachotaka ni Rudisha. Lakini Futa kabisa imekaa chini yake tu, zimetenganishwa na kijistari chembamba kama uzi, na mshale unayumba juu, chini, juu. Hapo nikasikia honi. Gari la taka liko langoni.

Nikaupeleka mshale kwenye gari. Ulipoligusa tu, haukuwa mshale tena. Ukawa mkono mweupe uliovaa glovu, na glovu ile niliijua. Nimeivaa miaka thelathini na moja, jua na mvua. Nikaunyoosha ule mkono, kiganja mbele, kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo.

Gari likafunga breki, likainama hadi pua ikanusa vumbi.

"Afande," dereva akatoa kichwa, "sisi tuna ratiba."

"Pembeni. Leseni."

Akaanza kuitafuta chini ya kiti. Ninawajua madereva: hapo nilikuwa na dakika kumi na tano.

Nikarudi pipani. "Haya, Mama Kalunde, twende."

"Sirudi peke yangu."

"Hivi vitu vimechoka, mke wangu! Cherehani hii haina hata sindano."

"Na wewe huna magego mawili. Nimekutupa?"

Dereva akacheka akiwa bado kichwa chini. "Hapo umepatikana, afande."

Ni kweli nilikuwa nimepatikana. Nikauliza kitufe cha kulia namna ya kuchukua vingi kwa mkupuo. Kikaniambia nichore kisanduku kwa kumtumia mwenzake wa kushoto. Kwa kazi ya kubeba mizigo hana ubaya. Nikaanzia kwenye kona ya redio, nikabonyeza, nikavuta. Mstari wa nukta ukanifuata, ukaizunguka redio, ukazunguka mkeka, cherehani, jiko, chungu na mke wangu.

"Mguu wangu umebaki nje," kabati likasema.

Nikavuta tena hadi mguu ukaingia. Wote wakageuka bluu moja, wamekaa kama watu wa picha ya ukoo. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kulia, nikakumbuka jinsi yule mtu mzima anavyofanya kazi.

"Mama Kalunde," nikasema, "ulipaswa kuulizwa tangu mwanzo. Uulizwe kuhusu cherehani, uulizwe kuhusu redio. Nisamehe. Sasa nakuuliza: nikurudishe?"

Akafunika chungu. Akajifunga kanga vizuri.

"Si ndiyo hivyo? Kumbe unaweza. Nirudishe."

Nikabonyeza.

Sijawahi kuona ua unaofurahi, lakini jana niliuona. Jiko likatua mahali pake, moshi ukarudi sebuleni kama mtu wa nyumbani. Kabati likajisimamisha na kujiegemeza ukutani. Mafiga yakaacha mstari wake wa kipolisi. Kila kitu kikarudi pale kilipokuwa zamani, hata uzio wa Kitwana, ambao ulirudi hatua zake mbili, ukatafakari, kisha ukarudi na hatua nyingine moja niliyouongezea mwaka tulipojenga. Redio ikapiga dansi. Cherehani ikaanza kushona bila kitambaa, kwa raha zake tu. Gari la taka likarudi kinyumenyume, dereva anapunga leseni ambayo, nilipoitazama vizuri, ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi. Mbuzi peke yake alikataa kubadilika. Alibaki Hakimu.

Mama Kalunde akaingia sebuleni anapangusa mikono.

"Nipe hicho."

"Hiki kinataka mafunzo. Mimi mwenyewe nimefika Kaliua."

Akanipokonya, akaketi. Mausi ikakohoa.

"Jina?"

"Mama Kalunde."

"Uzoefu wa kuelekeza?"

Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Miaka thelathini na minane."

"Inatosha sana," mausi ikasema, na nikahisi imekaa vizuri zaidi.

Akaisukuma. Meza ilipokwisha, akainyanyua na kuirudisha katikati bila kuambiwa na mtu. Mausi ikanitazama.

Mshale ukageuka, ukavuka dirisha, ukaingia ndani. Ukaja hadi kifuani kwangu. Nikajitazama mikono: bluu. Nikatazama miguu: iko juu ya sakafu.

"Mama Kalunde, umeniuliza?"

"Nakuuliza. Nikusogeze kidogo?"

Sasa mtu ukiulizwa kwa adabu namna hiyo utasemaje? Nikasema sawa. Napanda. Napita juu ya paa letu, naona bati linalovuja ambalo nilimwambia halivuji. Naona Tabora nzima, reli, misikiti, kanisa, njia panda yangu ya zamani ambako magari yanapita bila mimi na hayagongani. Upepo unaingia kwenye mikono ya shati. Mama Kalunde, huko chini, anaimba wimbo wa kwaya, na kila akivuta pumzi mimi nayumba.

"Unanipeleka wapi?" nikapiga kelele.

"Nyamaza, utanidondokea vibaya."

Nikaamka.

Kumekucha, mwanga umeingia dirishani. Mbele ya pua yangu kuna ukuta. Nikautazama kwa muda, maana tangu tuoane mimi hulala upande wa mlango, askari hawezi kulala penginepo, na huu wa ukutani ni upande wa Mama Kalunde. Nikageuza kichwa taratibu. Yeye yuko upande wa mlango, amelala fofofo, shuka la upande wake halina mkunjo hata mmoja wa kuonyesha kwamba nilimruka usiku. Kola ya shati langu la kulalia imesimama wima nyuma ya shingo, imebanwa mahali pamoja, kama iliyoshikwa.

Nikataka kuinuka ninawe uso. Ndipo nikaona mkono wake wa kulia. Umelala juu ya godoro, umekunjwa kama unaofunika kitu, na kidole cha shahada kimekandamiza shuka kwa nguvu hadi ukucha umekuwa mweupe.

Alikuwa bado hajaachia.

Nikarudisha kichwa kwenye mto polepole, nikangoja nione ananiweka wapi.